Kamera Ipi Yafaa Gari la Njia ya Vumbi?

Jirani yangu hapa Endabash ana gari aina ya Fuso, nalo hupakia mahindi na mbaazi kwenda Karatu mjini. Mwaka jana alinunua kamera ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele, ile ipigayo picha za njia muda wote gari linapokwenda. Alifurahi sana, akasema, "Sasa mtu akinigonga hawezi kukana." Haukupita mwezi, jioni moja gari dogo lilimpita kwa kasi katikati ya vumbi, likamkwaruza ubavuni na kumsukuma mtaroni, kisha likaenda zake. Tingo wake alivunjika mkono. Walipoifungua kamera watafute nambari za gari lile, hawakukuta kitu cha siku hiyo. Kadi ilikuwa imejaa tangu juzi yake!

Imejaaje? Kwa kawaida kamera ya gari hufuta picha za zamani na kuandika mpya mahali pake, basi kadi haijai. Lakini ndani yake mna kifaa kihisicho mshtuko. Gari likigongwa, kifaa hicho hufungia kipande cha picha kisifutwe. Katika lami hilo ni jema. Njia yetu ina mashimo na makorongo, na kila tairi linapotumbukia kamera hudhani ni ajali, ikafungia kipande kingine. Vipande hivyo ndivyo vilivyoila kadi ya jirani yangu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ufikapo dukani uliza hili kwanza: je, ukali wa kifaa hiki waweza kupunguzwa, au kuzimwa kabisa? Mwuzaji asipojua, mwombe aiwashe mbele yako akuonyeshe.

Kisha uliza habari za joto. Gari likiegeshwa juani, kioo cha mbele huwa kama tanuri. Kamera nyingi za bei nafuu zina betri ya lithiamu, ambayo kwa joto huvimba na kufa. Afadhali yenye kapasita badala ya betri. Haiweki umeme mwingi, lakini yastahimili joto, na umeme wa gari watosha kuiendesha. Wenye malori wajihadhari pia: malori mengi hutumia volti 24, hali magari madogo hutumia 12. Waya usiokubali volti 24 waweza kuiunguza kamera siku ile ile ya kwanza.

Kishikio cha mpira unyonyao kioo huanguka kwa vumbi na mtikisiko. Cha gundi ni bora, nacho kibandikwe nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, kisimzibe dereva.

Watu hupenda kuuliza picha ni pana kiasi gani, kana kwamba upana ndio uzuri. Lenzi ya nyuzi 170 huona shamba zima, lakini nambari za gari huzifanya ndogo kama sisimizi. Nyuzi 130 au 140 zatosha. Kadi nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa kuandikwa mara nyingi. Ya kawaida, kama zile za simu, huchakaa upesi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikatai ushahidi wa namna hii, ila mahakama hutazama umepatikanaje na umehifadhiwaje. Basi weka tarehe na saa sawasawa tangu mwanzo. Ajali ikitokea, chomoa kadi uitunze, wala usikatekate picha zake.

Jirani yangu alilipa matengenezo kwa fedha zake. Kamera hakuitupa, amekipunguza ukali kile kifaa, na kila Jumamosi jioni huitazama kadi pamoja na tingo wake, naye, mkono ungali shingoni, humwonyesha mashimo aliyoyapita kwa kasi.