Dada aliyemfumania gavana kwa dola 20!

MPENZI msomaji, hebu sema kweli. Ni mara ngapi umejaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu kwenye karatasi ya bahati nasibu, ukaambiwa "usihofu, hizi ni siri yetu"?

Mimi nilijaza mwaka jana dukani, hapa hapa mjini, huku nikiota pikipiki. Bwana wee, pikipiki yenyewe sikuiona hata tairi! Wiki haikuisha, jamaa nisiyemjua akanipigia simu. Ananiita kwa majina yangu yote matatu, mpaka siku niliyozaliwa anaijua. Eti nimeshinda, ila kwanza nitume "hela ya kutolea zawadi". Sikutuma ng'o, lakini usingizi ulinipaa. Huyu mtu kanijuaje?

Ndiyo maana wiki hii nakuletea habari za mwanamama mmoja wa Marekani, Latanya Sweeney. Siyo mwanamuziki wala mcheza sinema. Ni fundi wa kompyuta, tena mweusi kama mimi na wewe, na swali lile lililoninyima usingizi yeye amelifanyia kazi maisha yake yote.

Aliacha chuo, akarudi

Wale wenzangu tulioishia Form Four, mpo? Sikilizeni hii. Sweeney aliingia chuo kikuu maarufu cha MIT, akaacha katikati, akafungua kampuni yake ya kompyuta. Akaiendesha kama miaka kumi hivi. Halafu akarudi darasani, na mwaka 2001 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata udaktari wa sayansi ya kompyuta hapo MIT.

Lakini moto aliuwasha kabla hata hajamaliza, akiwa bado mwanafunzi.

Gavana aanguka jukwaani

Miaka ya tisini, shirika linaloshughulikia bima ya afya ya wafanyakazi wa serikali ya jimbo la Massachusetts liliamua kuwapa watafiti kumbukumbu za matibabu ya wafanyakazi hao. Majina yakafutwa. Anwani zikafutwa. Gavana wa jimbo, William Weld, akawatoa watu hofu kwamba siri zao ziko salama.

Mei 1996, gavana huyo huyo akaanguka akiwa kwenye mahafali ya chuo kimoja, akakimbizwa hospitali. Magazeti yakaandika.

Sweeney akajiuliza: hivi kweli mtu akifutwa jina ndiyo kafichika? Alijua gavana anaishi mji wa Cambridge. Akaenda akanunua daftari la wapiga kura la mji huo kwa dola 20. Humo mna majina, anwani, jinsia, tarehe za kuzaliwa na namba ya posta ya kila eneo. Akakaa chini, akalinganisha na zile kumbukumbu za hospitali.

Waliozaliwa siku moja na gavana Cambridge nzima walikuwa sita tu. Wanaume watatu. Wenye namba yake ya posta? Mmoja peke yake! Kiongozi mzima wa jimbo, ugonjwa wake na dawa alizoandikiwa vyote mezani kwa mwanafunzi.

Hakuvunja kufuli wala hakuiba nywila ya mtu. Alichukua karatasi mbili zilizoruhusiwa, akaziweka pamoja basi.

Mwaka 2000 akatoa hesabu iliyowashtua wengi: asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu, yaani jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta. Mtaalamu mwingine alipoirudia hesabu hiyo mwaka 2006 kwa sensa mpya alipata asilimia 63. Sawa, imepungua, lakini hata hivyo si zaidi ya nusu ya taifa?

Jina lako, kesi yako

Kisa cha pili kilimgusa yeye mwenyewe. Siku moja, akiwa tayari yuko Harvard, jina lake lilitafutwa kwenye Google. Pembeni likatokea tangazo linalouliza kama Latanya Sweeney aliwahi kukamatwa! Dada wa watu hajawahi kulala rumande. Akailipa kampuni iliyotangaza ili aone hilo faili lake. Hamna kitu.

Wewe na mimi tungenuna tukaenda kulala. Yeye akapima. Alijaribu majina zaidi ya 2,000, mengine ya kizungu kama Jill na Geoffrey, mengine ambayo Wamarekani weusi huwapa watoto wao, kama DeShawn na Jermaine. Utafiti wake wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kwenye mtandao mmoja uliopimwa, majina ya weusi yalikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 25 wa kuletewa tangazo la kukamatwa.

Usione ni jambo dogo. Umeomba kazi, bosi anakutafuta mtandaoni, anakutana na neno "kukamatwa" kando ya jina lako. Utaitwa kwenye usaili wewe?

Fundi kati ya wanasheria

Mwaka 2014 serikali ikamwita. Akawa Mtaalamu Mkuu wa Teknolojia wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo cha tangu mwaka 1914 ambacho kazi yake moja kubwa ni kumlinda mlaji asidanganywe. Kiti hicho nacho kilikuwa kichanga. Edward Felten alikuwa wa kwanza kukikalia, mwaka 2011.

Utauliza, fundi anafanya nini kwa wanasheria? Jibu ni jepesi. Mwanasheria anaisoma ahadi ya kampuni. Fundi anaifungua mashine na kutazama kama ahadi ni ya kweli.

Akiwa humo alikusanya watafiti vijana. Waliangalia, kwa mfano, matangazo kwenye tovuti ya Omega Psi Phi, chama cha udugu cha wasomi weusi. Wakakuta humo yanatangazwa mambo ya kukamatwa, na kadi za mkopo zilizokosolewa vikali. Septemba 2014 aliyaanika hayo kwenye mkutano wa tume. Alikaa kama mwaka mmoja, akarudi Harvard kufundisha. Tume nayo ilionja utamu wa fundi: mwaka 2023 ilifungua Ofisi kamili ya Teknolojia.

Na sisi je?

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Ni vizuri. Lakini sheria bila mtu wa kuifungua mashine ni mbwa asiye na meno.

Sasa toa kitambulisho chako cha NIDA. Soma tarakimu nane za mwanzo: mwaka, mwezi, siku. Umeona? Ukimpa mtu namba hiyo umeshampa na tarehe ya kuzaliwa, na wewe ulidhani umempa namba tu.

Mjini shule, jamani. Siku nyingine ukiletewa karatasi ya pikipiki, muulize muuzaji: "Siku yangu ya kuzaliwa unaitaka ya nini, utaniletea keki?" Akikosa jibu, mrudishie kalamu yake.

Tukutane wiki ijayo!