Chanjo ya HPV na Usalama Wake: Mbeya na Iringa

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Chanjo ya kuvizuia ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, na wengi huchanjwa shuleni.

Mbeya na Iringa zina sababu ya ziada ya kuijali. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionesha kuwa asilimia 11.1 ya watu wazima Iringa na 9.6 Mbeya wana VVU, ilhali kiwango cha taifa ni 4.4. Mwanamke mwenye VVU hukabiliwa na hatari ya saratani hii mara sita ya asiye navyo.

Uvumi unaowatia wazazi hofu kuliko mwingine wowote ni kwamba sindano hiyo hufunga kizazi. Hauna msingi. Ndani ya kichupa hamna virusi, vilivyo hai wala vilivyokufa. Mna maganda matupu ya protini yasiyo na vinasaba, yasiyoweza kuzaliana mwilini wala kuleta saratani. Nchini Denmark, watafiti walifuatilia kumbukumbu za wasichana na wanawake karibu milioni moja, na hawakuona ovari za waliochanjwa zikiacha kazi mapema kuliko za wenzao.

Maudhi madogo madogo yapo: mkono kuuma au kuvimba, kuumwa kichwa, homa kidogo, kwa siku moja au mbili. Wengine huzimia, na shuleni mmoja akianguka foleni nzima hutaharuki. Kinachowaangusha ni woga wa sindano, wala si dawa. Ndiyo maana aliyechanjwa huketi dakika 15 akiangaliwa. Mzio mkali hutokea takriban mara mbili katika dozi milioni moja, na hutibika papo hapo. Mjamzito husubiri hadi ajifungue.

Japani iliacha kuihimiza chanjo hii mwaka 2013 baada ya malalamiko ya maumivu kuenea, ikarejea 2022 ushahidi wa usalama ulipojitosheleza. Kwa miaka hiyo, wasichana wengi mno walikosa kinga.

Chanjo haizuii aina zote za HPV. Aliyechanjwa bado anapaswa kupimwa mlango wa kizazi akifika miaka 30, au 25 akiwa na VVU.