UZI: Marufuku ya pombe kali tao, na maswali ya kumuuliza mgombea

1/ Kila msimu wa siasa ahadi hii hurudi: "Tutaondoa pombe kali katikati ya jiji." Watu wanashangilia, maana nani hajawahi kumruka mtu aliyelala fofofo River Road saa nne asubuhi? Sitataja mtu wala chama. Wacha tuichambue hoja yenyewe.

2/ Sheria tayari tunayo. Ile ya vileo ya 2010 inataka baa za kawaida zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Wikendi na sikukuu ni kuanzia saa nane mchana. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule. Pombe ya vifuko ilikatazwa, na pombe kali haifai kuuzwa kwa chupa iliyo chini ya mililita 250.

3/ Nani anasaini leseni? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi hiyo. Mbunge anaweza kubadilisha sheria ya nchi, lakini si yeye anayetoa leseni ya baa ya Latema Road. Ushuru na ubora wa kinywaji ni kazi ya serikali kuu. Kwa hivyo angalia anayeahidi anawania kiti gani.

4/ Wanaotaka marufuku wana hoja nzito. Piga hesabu: chupa ya mililita 250 yenye kileo cha asilimia 40 ni sawa na bia nne za nusu lita zenye asilimia 5. Bia nne zinakuchukua jioni nzima. Hii robo inaingia mfukoni, na inaweza kuisha kabla matatu ijaze.

5/ Lakini mnywaji hufuata bei. Bia ya kegi ililetwa 2004 kwa nafuu ya ushuru, ili walala hoi waache chang'aa hatari. Mwaka wa 2013 nafuu ikapunguzwa, kegi ikapanda bei, mauzo yakaporomoka. Mwaka wa 2015 serikali ikairudisha nafuu. Ukifunga mlango mmoja bila kuangalia wa pili, mtu anaingia huo wa pili.

6/ Na huko kuna kifo. Mei 2014, makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Methanoli huwezi kuitambua kwa kuonja, na anayepona anaweza kubaki kipofu. Februari 2024 msiba kama huo ulipiga Kirinyaga, na iliripotiwa kwamba pombe ile ilikuwa imenaswa na kuwekwa kituo cha polisi kama ushahidi. Yaani ilikamatwa, halafu ikarudi sokoni.

7/ Msimamo wangu: pombe kali tao idhibitiwe, tena sana. Tuanze na saa na idadi ya maduka, kwa sababu hayo yanaonekana kwa macho. Duka likiuza asubuhi, linyang'anywe leseni. Marufuku ya jumla isiyo na wa kuisimamia itamnufaisha tu anayekuja kukagua na kuondoka na kitu kidogo.

8/ Tusimsahau mraibu. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla, mtu hutetemeka, na wengine hupata kifafa. Huyo anahitaji daktari. Ukimfukuza River Road bila matibabu, umemhamisha tu hadi kwa chang'aa.

9/ Mgombea akija kwenu, muulize:
- Leseni ngapi za pombe kali hutazifanya upya mwaka wa kwanza?
- Pombe ikinaswa, itamwagwa lini na mbele ya nani?
- Mraibu asiye na pesa atatibiwa wapi, na bajeti yake ni shilingi ngapi?

Akijibu swali la kwanza na kuruka la tatu, jua anataka tao ipendeze tu. Hao walevi ni ndugu zetu.