Alama Ndogo Katika Mapafu: Maana Yake na Namna ya Kuikabili

Mtu aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda, akapelekwa hospitali na kupimwa kifua ili ijulikane kama mbavu zake zimevunjika, huweza kurudi nyumbani na habari mbili: ya kwanza, aliyoiendea, kwamba mbavu zake ni salama, na ya pili, ambayo hakuitarajia, kwamba katika pafu lake la kulia imeonekana alama ndogo. Usiku huo usingizi humpaa, maana habari ya namna hiyo humkumbusha mtu saratani na kifua kikuu kabla ya jambo jingine lolote, na kila jirani anayeombwa shauri huongeza la kwake. Hofu yake si ya kulaumiwa. Lakini aghalabu huwa kubwa kuliko sababu yake, na dawa yake ni maarifa.

Yafaa kwanza kukielewa chombo kilichoiona alama hiyo. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895, hupiga kifua chote kwa pamoja, hata mbavu, moyo, mishipa na mapafu vikalaliana katika picha moja, na kinundu chenye upana wa chini ya sentimita 1 huweza kusitirika humo. Kipimo cha CT, ambacho mgonjwa wa kwanza alipimwa kwacho mjini London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, hupitisha mionzi kutoka pande zote za mwili, kisha kompyuta hukigawa kifua kwa hesabu kuwa picha za vipande vyembamba, vingine vya unene wa milimita 1 tu. Chombo kinachoona kwa undani namna hiyo hakina budi kuona mengi, na mengi yake hayana madhara.

Ithibati ya jambo hilo ilipatikana Marekani, ambako watu zaidi ya 53,000 waliokuwa wavutaji sigara, au waliopata kuwa wavutaji, walichunguzwa mapafu yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalidhihirisha mambo mawili yanayofaa kukumbukwa pamoja: kwamba kipimo cha CT chenye mionzi kidogo kilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kikilinganishwa na eksirei, na kwamba katika kila majibu 100 ya kipimo hicho yaliyotia shaka, zaidi ya 96 hayakuwa ya saratani. Na hao walikuwa watu walioshindilia tumbaku kwa miaka mingi. Asiyepata kuvuta ana sababu zaidi ya kutulia.

Basi alama hizo hutokana na nini? Nyingi ni makovu. Nimonia iliyopona zamani huweza kuacha mstari, na moshi wa kuni uliovutwa jikoni miaka nenda miaka rudi huacha athari yake. Yako pia matezi madogo yaliyomo ndani ya pafu kwa maumbile, na iko sehemu ya nyuma ya pafu inayosinyaa kidogo kwa sababu tu mgonjwa amelala chali mashineni, ambayo hukunjuka akigeuzwa kifudifudi. Lakini katika nchi zetu kovu lililo mashuhuri ni la kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya wanadamu wamepata kuambukizwa vijidudu vya maradhi hayo, na walio wengi hawaugui kamwe, kwa kuwa mwili huvizingira vijidudu hivyo na kuvifungia katika kinundu, na miaka ikipita chokaa huingia humo na kukikaza. Chokaa huonekana nyeupe kabisa katika picha, nayo ikikijaza kinundu chote, au ikikaa katikati yake, tabibu hupata dalili yenye nguvu kwamba anatazama mabaki ya vita ambavyo mwili umekwisha vishinda, pengine pasipo mwenyewe kujua kwamba vilipiganwa.

Tuchukue mfano wa majibu yaliyoandikwa hivi: kinundu kimoja kigumu, milimita 5, kingo laini, pafu la kulia, sehemu ya chini. Kila neno hapo lina uzito wake. Milimita 5 ni kadiri ya punje ya choroko, na ukubwa ndio unaotazamwa kwanza. Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2017 wa Jumuiya ya Fleischner, ambao hufuatwa na matabibu wa nchi nyingi, kinundu kigumu cha chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa hakihitaji kupimwa tena. Cha milimita 6 hadi 8 hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Na kinachozidi milimita 8 huchunguzwa mapema zaidi, kwa kurudia kipimo baada ya miezi 3 au kwa kuchukua kinyama kidogo kikapimwe. Kingo laini ni dalili njema kuliko kingo zenye miiba, na vinundu vya sehemu ya juu ya pafu hutiliwa shaka zaidi kuliko vya chini. Kinundu chenye ukungu, kisicho kigumu, kina taratibu yake, na pengine hufuatiliwa hata miaka 5, kwa kuwa kikiwa kibaya hukua polepole mno. Mwongozo huu hauwahusu watu wa chini ya miaka 35, wala waliokwisha patwa na saratani, wala wale ambao kinga ya mwili wao imepungua; hao huamuliwa kila mmoja kwa hali yake.

Wengi hushangaa tabibu anapowaambia wangoje miezi, wakadhani wamepuuzwa, ilhali kungoja huko ni sehemu ya uchunguzi. Saratani ya pafu aghalabu huchukua kati ya siku 100 na 400 kuufanya ujazo wake kuwa maradufu, na ujazo ukiwa maradufu upana huongezeka kwa kadiri ya robo tu, hata kinundu cha milimita 5 kikafikia 6 na ushei. Anayerudia kipimo baada ya wiki 3 hujiongezea mionzi na gharama, wala hapati jibu. Kinyume chake, kinundu kigumu kilichokaa miaka 2 bila kubadilika huhesabiwa kwa kawaida kuwa si kibaya.

Yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kutibu kovu: kumeza dawa za kifua kikuu kwa miezi kwa sababu ya alama ya zamani tu, pasipo makohozi kupimwa wala dalili za maradhi kutafutwa. La pili ni kulidharau neno la tabibu kwa kuwa mtu hasikii maumivu, tarehe ya kurudi ikapita na karatasi ikapotea. Hali kadhalika, mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au anayetema damu, au anayekonda na kutokwa jasho usiku, asijifariji kwa kusema kwamba alama yake ni ndogo. Na aende hospitali sasa.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa una alama katika pafu, muulize tabibu wako maswali haya: ina ukubwa gani, ina umbo gani, ina chokaa au haina, na nirudi lini? Mweleze kwa insafu kama umepata kuvuta sigara, kama umepata kuugua kifua kikuu, na kama katika ukoo wenu yuko aliyepatwa na saratani ya mapafu; na kama ungali unavuta, acha leo. Zaidi ya yote, zihifadhi picha zako zote za kifua, ziwe filamu au CD, hata za miaka iliyopita, na uzichukue kila uendapo kupimwa, kwani picha ya zamani ikiwekwa kando ya mpya huweza kukata kwa siku moja shauri ambalo lingehitaji miaka 2 ya kungoja.