Pro Vercelli: Mataji saba mfukoni, wanasota Serie C

ULIZA kijiweni klabu za Italia zenye mataji mengi ya ligi. Utatajiwa Juventus, Inter na AC Milan. Pro Vercelli? Wengi watakuuliza ndiyo timu gani hiyo.

Basi sikia. Pro Vercelli ina mataji saba. AS Roma inayo matatu, Napoli manne, Lazio mawili. Ila leo wababe hao wa zamani wapo Serie C, daraja la tatu.

Vercelli ni mji mdogo wa Piedmont, kati ya Turin na Milan, umezungukwa na mashamba ya mpunga. Klabu ilianza 1892 kama chama cha jimnastiki, soka likaingia 1903. Ikabeba ubingwa 1908, 1909, 1911, 1912 na 1913, tena kwa vijana wa hapohapo nyumbani. Mwaka 1913, Italia ilipoifunga Ubelgiji 1-0, tisa kati ya 11 waliocheza walikuwa wa Pro Vercelli.

Yangeweza kuwa manane. Mwaka 1910 walilingana pointi na Inter, ikapangwa mechi ya kuamua bingwa. Vercelli wakaomba isogezwe mbele kwa sababu baadhi ya wachezaji wao walikuwa na mashindano ya jeshi. Wakakataliwa. Kwa hasira, wakapeleka watoto wa timu ya vijana. Wakachapwa 10-3, na Inter ikapata ubingwa wake wa kwanza.

Walibeba tena 1921 na 1922, halafu pesa ikaanza kuongea. Mwaka 1923, beki Virginio Rosetta, mtoto wa Vercelli, akachukuliwa na Juventus katika usajili uliozua mzozo mkubwa, hadi Juventus wakapokwa pointi. Lakini Rosetta hakurudi.

Mwaka 1934 ikawa zamu ya straika Silvio Piola. Huyu msimu mmoja kabla alikuwa ameipiga Fiorentina mabao sita kwenye mechi moja. Akaenda Lazio. Msimu uliofuata tu, Pro Vercelli ikashuka daraja, na hadi leo haijaonekana tena Serie A.

Piola yeye alipaa. Alifunga mabao mawili fainali ya Kombe la Dunia 1938, na mabao yake 274 ya Serie A bado ni rekodi. Kati ya hayo, 51 tu ndiyo ya Vercelli.

Mwaka 2010 klabu ilifilisika, jina likaokolewa na timu nyingine ya mji huohuo, Pro Belvedere. Miaka miwili baadaye wakarudi Serie B baada ya kuikosa kwa miaka 64. Furaha hiyo nayo haikudumu, tangu 2018 wapo Serie C.

Uwanja wao unaitwa Silvio Piola. Ila ukienda kwa majirani na wapinzani wao Novara, alikomalizia soka lake, nao uwanja wao unaitwa Silvio Piola. Hata jina la mtoto waliyemlea wenyewe, Vercelli wanagawana.