Bei ya Agosti, mavuno ya Mei: Nani wa kununuliwa soko la FPL linapofunguliwa?

WAKATI mashabiki wa soka wakihesabu siku kuelekea kufunguliwa kwa pazia la Ligi Kuu ya England kila Agosti, lipo soko jingine ambalo hufungua milango mapema zaidi, mwezi Julai, na ambalo wanunuzi wake hawamiliki hata kamba ya kiatu cha mchezaji wanayemnunua. Hilo ni soko la mchezo wa Fantasy Premier League, maarufu kwa jina la FPL, ulioanzishwa mwaka 2002. Katika msimu wa 2024/25 mchezo huo ulikuwa na washiriki zaidi ya milioni 11 duniani kote, na miongoni mwao wamo wafanyabiashara, makarani na wanafunzi wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Kushiriki ni bure. Hata hivyo, madukani na maofisini mchezo huu umezaa michango. Mathalan, kikundi cha watu 20 kikikubaliana kuchanga shilingi 20,000 kila mmoja, mfuko unafikia shilingi 400,000, fedha ambazo mtu wa hali ya kawaida anaweza kufungulia genge la mboga. Mfuko huo hukaa kwa mweka hazina kwa muda wa raundi 38, kuanzia Agosti hadi Mei, na mara nyingi mshindi hupatikana kwa tofauti ya pointi chache. Ndiyo maana uamuzi wa wiki ya kwanza, yaani nani anunuliwe na kwa bei gani, unastahili kupigiwa hesabu kama mzigo mwingine wowote wa dukani.

Masharti ya soko

Kila mshiriki hupewa mtaji sawa wa pauni milioni 100 za karatasi. Kwa mtaji huo anatakiwa kununua wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, na haruhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji watatu kutoka klabu moja. Kila raundi huteua 11 wa kuanza, na mmoja wao huwa nahodha ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili.

Mchezaji aliyecheza dakika 60 au zaidi huingiza pointi 2. Bao la mshambuliaji lina thamani ya pointi 4, la kiungo 5 na la beki 6. Pasi ya bao ni pointi 3. Beki au kipa ambaye timu yake haikufungwa hupata 4. Kadi ya njano hukata pointi 1 na nyekundu hukata 3.

Bei za kufungulia hupangwa na waendeshaji wa mchezo, wakiangalia zaidi mchezaji alifanya nini msimu uliopita. Hapo ndipo penye mwanya wa faida, kwa kuwa bei inatazama nyuma na pointi zitatoka mbele.

Hesabu ya mtaji

Wachezaji wanne wa akiba, wakinunuliwa wa bei ya chini kabisa, humeza takribani milioni 17. Zinabaki milioni 83 kwa wale 11 wa kuanza, wastani wa milioni 7.5 kwa kila mmoja.

Agosti 2025 soko lilifunguliwa Mohamed Salah wa Liverpool akiwa na bei ya milioni 14.5 na Erling Haaland wa Manchester City milioni 14. Aliyemnunua Salah peke yake alibakiwa na wastani wa milioni 6.9 kwa kila mmoja wa wale 10 wengine. Aliyewachukua wote wawili alitoa milioni 28.5, na wastani wake kwa wachezaji tisa waliobaki ukashuka hadi takribani milioni 6. Kwa maneno mengine, nyota wa pili hulipwa na mabeki na viungo wote wa kikosi.

Je, nyota hao hurudisha gharama? Kumbukumbu za misimu iliyopita zinatoa jibu la kuwafikirisha wengi. Katika orodha ifuatayo, mavuno ni pointi za msimu mzima zilizogawanywa kwa bei ya kufungulia.

Riyad Mahrez, 2015/16: bei 5.5, pointi 240, mavuno 43.6
Mohamed Salah, 2017/18: bei 9.0, pointi 303, mavuno 33.7
Mohamed Salah, 2018/19: bei 13.0, pointi 259, mavuno 19.9
John Lundstram, 2019/20: bei 4.0, pointi 144, mavuno 36.0
Erling Haaland, 2022/23: bei 11.5, pointi 272, mavuno 23.7
Erling Haaland, 2023/24: bei 14.0, pointi 217, mavuno 15.5
Cole Palmer, 2023/24: bei 5.0, pointi 244, mavuno 48.8
Cole Palmer, 2024/25: bei 10.5, pointi 214, mavuno 20.4
Erling Haaland, 2024/25: bei 15.0, pointi 181, mavuno 12.1
Mohamed Salah, 2024/25: bei 12.5, pointi 344, mavuno 27.5

Somo la kwanza liko wazi. Aliyefanya maajabu msimu uliopita huuzwa kwa bei ya maajabu, na mnunuzi wa msimu unaofuata hulipia mavuno yaliyokwisha kuliwa na wenzake. Mahrez alipoipa Leicester City ubingwa mwaka 2016, bei yake ilipanda kutoka milioni 5.5 hadi 9.5, msimu uliofuata alifunga mabao sita tu ya ligi. Haaland alifunga mabao 36 ya ligi mwaka wake wa kwanza, rekodi ya Ligi Kuu kwa msimu mmoja, kisha bei ikapanda miaka miwili mfululizo huku pointi zikishuka miaka hiyo hiyo miwili.

Somo la pili ni kinyume chake. Msimu wa 2023/24 Salah alipata pointi 211, kiwango cha chini kwa mchezaji wa aina yake, na bei yake ikaachwa palepale kwenye milioni 12.5. Waliomwamini Agosti 2024 walivuna mabao 29, pasi za mabao 18 na pointi 344, ambazo hazikuwa zimewahi kufikiwa na mchezaji yeyote katika historia ya mchezo huo. Bidhaa nzuri iliyopitia mwaka mmoja mbaya ndiyo yenye kutazamwa kwanza.

Hata hivyo, orodha hiyo isisomwe kwa pupa. Mavuno kwa milioni huwapendelea wachezaji wa bei rahisi, lakini nafasi za kuanza ni 11 tu na nahodha ni mmoja. Pointi 344 kwa raundi 38 ni wastani wa pointi 9 kila raundi, ambazo kwa nahodha zinakuwa 18. Hakuna mchezaji wa milioni 6 awezaye kujaza nafasi hiyo kwa msimu mzima. Kwa hiyo nyota mmoja wa unahodha ni gharama ya lazima. Swali linabaki kwa yule wa pili.

Wageni kutoka nje

Wachezaji wanaosajiliwa kutoka ligi za nchi nyingine ndio bidhaa yenye hatari kubwa, kwa kuwa waendeshaji hawana rekodi zao za England. Salah alitoka Roma mwaka 2017 na Haaland alitoka Borussia Dortmund mwaka 2022, na wote wawili waliuzwa chini ya thamani yao. Kwa upande mwingine, Timo Werner alifika Chelsea mwaka 2020 kwa bei ya milioni 9.5 akafunga mabao sita ya ligi, na Darwin Núñez alifika Liverpool mwaka 2022 kwa milioni 9, akapewa kadi nyekundu katika mchezo wake wa kwanza wa ligi Anfield na kumaliza msimu na mabao tisa.

Anayetaka kupunguza hatari hiyo huangalia kwanza nani anapiga penalti. Kati ya mabao 22 ya Palmer ya msimu wa 2023/24, tisa yalikuwa ya penalti. Pia akumbukwe kuwa Palmer alihamia Chelsea Septemba mosi 2023, wakati msimu umekwisha kuanza. Mwenye kubakiza akiba kidogo na nafasi ya uhamisho mwishoni mwa Agosti hupata wachezaji wa namna hiyo kabla soko halijashtuka.

Klabu zilizopanda daraja

Lundstram alikuwa beki kwenye vitabu vya mchezo, lakini Sheffield United ilimchezesha kiungo. Kwa milioni 4 mnunuzi alipata mabao matano yenye thamani ya pointi sita kila moja, pamoja na pointi za mechi ambazo timu yake haikufungwa. Mwanya huo ulizibwa msimu uliofuata alipoandikishwa kama kiungo.

Wengi wamekuwa wakimtafuta Lundstram mwingine tangu hapo na kuambulia hasara. Klabu zote tatu zilizopanda mwaka 2023, Luton Town, Burnley na Sheffield United, zilishuka mwaka 2024. Zilizopanda mwaka 2024, Leicester City, Ipswich Town na Southampton, nazo zote zilishuka mwaka 2025. Beki wa timu inayofungwa kila wiki ni wa kukaa akiba, hata awe rahisi kiasi gani.

Makipa na mabeki

Kwa makipa, bei kubwa mara nyingi ni ya jina. Msimu wa 2024/25 Matz Sels wa Nottingham Forest alifunguliwa kwa milioni 4.5 na David Raya wa Arsenal kwa milioni 5.5. Wote walimaliza na mechi 13 bila kufungwa na kugawana tuzo ya kipa bora. Milioni moja iliyookolewa golini inatosha kumpandisha daraja kiungo mmoja.

Kwa mabeki na viungo wakabaji, sheria ilibadilika msimu wa 2025/26. Beki anayefikisha matendo 10 ya ulinzi katika mechi moja, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira, hupewa pointi 2. Kiungo na mshambuliaji hutakiwa kufikisha 12, nao huhesabiwa pia mipira waliyoiokota. Kiungo Mkenya Victor Wanyama, aliyezichezea Southampton na Tottenham Hotspur kati ya 2013 na 2020, alifanya kazi hiyo miaka yote bila ya soko kuilipa. Wa aina yake sasa wana bei.

Kalenda ya Afrika

Wanunuzi wa wachezaji wa Kiafrika wanatakiwa kusoma kalenda kabla ya bei. Januari 2024 Salah aliumia msuli wa paja akiichezea Misri dhidi ya Ghana katika michuano ya Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, akakosa mechi kadhaa za klabu yake. Michuano ya Morocco ilianza Desemba 2025, katikati ya ratiba nzito ya ligi, kiasi kwamba waendeshaji wa FPL waliamua kumjazia kila mshiriki nafasi tano za uhamisho kabla ya raundi ya 16. Msimu wenye michuano ya majira hayo unahitaji mpango wa mbadala tangu Agosti.

Kununua na kuuza

Baada ya soko kufunguliwa, bei hupanda na kushuka kwa hatua ya laki moja kulingana na wingi wa wanunuzi na wauzaji. Lakini faida haiendi yote mfukoni. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 7 akifika 7.2, mwenye naye humuuza kwa 7.1, akifika 7.1 tu, humuuza kwa 7 ileile. Hiyo ni sawa na kodi ya nusu ya faida. Hasara haigawanywi: mchezaji wa milioni 9 akishuka hadi 8.8, zote laki mbili ni za mnunuzi.

Kila raundi huja na uhamisho mmoja wa bure, na tangu msimu wa 2024/25 unaweza kuwekwa akiba hadi kufikia mitano. Unaozidi hukata pointi 4. Mshiriki anayelipa adhabu moja kila wiki kwa wiki 10 za mwanzo ametupa pointi 40, na pengo la namna hiyo linatosha kumwondoa kwenye mfuko wa shilingi 400,000 kabla ya Krismasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtazamo wa soko

Wa kununua: nyota mmoja wa unahodha, hasa ambaye bei yake haikupanda baada ya mwaka wa wastani, mpiga penalti wa bei ya kati, kipa wa milioni 4.5 mwenye namba ya kudumu. Beki au kiungo mkabaji mwenye uhakika wa dakika 90.

Wa kusubiri: mgeni wa bei kubwa kutoka nje, hadi mechi tatu au nne zionyeshe nafasi yake uwanjani.

Wa kuepuka: shujaa wa msimu uliopita aliyepandishwa bei maradufu, na beki wa klabu iliyopanda daraja isiyojua kulinda.

Dirisha la kila raundi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 6:30 mchana kwa saa za Uingereza, dirisha lake kwa saa za Afrika Mashariki hufungwa saa 7:00 mchana hadi mwishoni mwa Oktoba, na saa 8:00 mchana baada ya Waingereza kurudisha saa zao nyuma. Raundi inayofunguliwa Ijumaa usiku dirisha lake hufungwa Ijumaa hiyohiyo, na wengi hujikuta wameachwa nje kwa kudhani bado wana siku moja.