Sarafu ya Pamoja Itie Nanga Wapi?

Misafara iliyopita Tabora karne ya 19 ilibeba fedha za namna tatu: vitambaa vya merikani, nyaya za shaba na shanga. Shanga ndizo zilizowasumbua wengi. Rangi iliyogombaniwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na msafara ukalala njaa juu ya mizigo yake. Mfanyabiashara makini aliuliza kabla ya kufunga safari: huko niendako wanapokea nini?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina swali hilohilo. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na sarafu iliyotarajiwa 2024 sasa inalengwa 2031. Thamani yake itafungwa kwenye nini? Hicho cha kufungia ndicho wachumi wanachokiita nanga.

Nanga moja tumeshaionja. Kuanzia 1921 shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi yenye makao London, ilifungwa kwenye pauni: shilingi 20 kwa pauni moja. Bei zilitabirika. Lakini Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni kwa asilimia 14.3. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuifuata, kwa kuwa tangu 1966 kila moja ilikuwa na shilingi yake. Lau ile ya bodi ingekuwapo bado, mkulima wa Urambo angepunguziwa thamani ya akiba yake kwa uamuzi wa London.

Leo inayovutia ni dola, maana tumbaku ya Tabora hupangiwa bei kwa dola na mafuta hununuliwa kwa dola. Ila anayejifunga kwenye dola hufuata na riba ya Marekani. Ikipanda huko, mikopo hubana hapa, hata mwaka ambao mvua imegoma. Tena kiwango cha kubadilishia dola hulindwa kwa akiba ya fedha za kigeni: ikikauka, kamba hukatika.

Kwa maoni yangu, nanga ifaayo ni kapu la dola, yuro, yuani na rupia ya India, kila moja kwa uzito wa biashara yetu nayo. Ikiyumba moja, nyingine hulituliza kapu. Udhaifu wa kapu ni kwamba muuza duka haoni kilichomo. Kwa hiyo uzito wa kila fedha utangazwe wazi, na ubadilishwe biashara yetu inapobadilika. Nanga huchaguliwa kwa kutazama mizigo yetu inakokwenda, kama zilivyochaguliwa shanga.